Mingazi Nyuma ya Kichaka cha Wazee

Mwaka wa 1971 nilikuwa na miaka kumi na moja, na huo njo mwaka mateso yangu ilianza. Baba alirudi kutoka pori la Walikale na nyama mugongoni na homa mwilini. Nyama haikuwa imeanza hata kunuka, baba amekwisha kuzikwa na ndugu zake wamekwisha kugawa mashamba. Mama yangu alikuwa wa milima ya Masisi, kule Burungu. Walimwambia: "Mama, ulikuja hapa na kikapu. Rudi na kikapu." Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu aliniambia nirudi juma linalofuata. Bado ananingojea.

Aliyesema maneno ile ya kikapu alikuwa ndugu mukubwa wa baba. Mutoto wake wa kwanza, ambaye kwa ukoo ni kaka yangu, njo anachunga kichaka cha wazee leo. Musomaji amuweke akilini. Mimi nimemuweka tangu siku ile.

Sitafuti huruma ya mutu. Nilibeba chumvi kutoka Sake kuingia porini, nikatoka na mawese. Nilipasua mbao: mwenzangu alisimama juu ya gogo, mimi chini, tukivutana musumeno, unga wa muti ukinijaa machoni na kinywani, mpaka siku mimi nilipanda juu na mwingine akaingia chini. Hakuna mutu alinisomesha, hakuna mutu alinioza. Bibi yangu ni wa Burungu kama mama, na ng'ombe za mahari nilizitafuta mwenyewe.

Nilipokuwa mwanaume mwenye ndevu nilirudi Kalembe, kijiji cha baba, kudai udongo wake. Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa kasiksi niliyoleta, pombe ya ndizi, ikaisha, halafu wakanionyesha kipande ambacho hakuna mutu alikitaka: bonde la majani na mawe, kati ya kichaka cha wazee na muto. Walikuwa wanacheka ndani ya vikombe.

Kile kichaka, nieleze. Ni pahali vijana wetu walitahiriwa tangu zamani za mababu. Miti yake haikatwi. Hakuna kuingia na chuma. Hata panga unaiacha kwenye jiwe la mulangoni. Na ukipita pembeni, unafunga kinywa, na unakiacha kichaka upande wa mukono wako wa kulia, kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyo kuna njia mbili. Ukitoka barabarani kwenda porini, unapita njia ya juu, upande wa kijiji. Ukirudi kutoka porini, unapita njia ya chini, kando ya muto. Wakatoliki wanapita hivyo, Waprotestanti wanapita hivyo, na katekista wetu anapita hivyo na Biblia kwapani. Nani alianza, sijui. Kupita kinyume, sijaona.

Kwa hiyo kunipa bonde nyuma ya kichaka ilikuwa matusi. Kila siku ya kazi nilipaswa kunyamaza mara mbili, na kunyamaza si kazi yangu. Nilifyeka. Nilitoa mawe. Nilipanda mingazi, miti ya mawese, nikaipalilia, nikailinda na panya na watu, mpaka ikashuka kwa musitari hadi majini. Ilipoanza kuzaa, wale waliocheka walituma watoto wao kuomba mafuta ya kupikia. Niliwapa. Niliwapa nikiwaangalia machoni.

Halafu, miaka michache iliyopita, kati ya vita moja na nyingine, wakakuja watu wa satelite.

Walitoka Goma na pikipiki, matope mpaka kwenye kofia. Walikuwa wa shirika la kulinda pori. Pamoja nao alikuwa fundi wa karte, mwenye kuchora ramani, kijana mwembamba, mwenye adabu nyingi, jambo ambalo mimi silipendi kwa mutu nisiyemjua. Walitukusanya kanisani. Walisema kijiji chetu kinaweza kupata pori lake lenyewe mbele ya serikali, pori la wenyeji, na hakuna mutu wa mbali atakuja kuliuza juu ya vichwa vyetu. Lakini lazima karte iwepo, na wenyeji watembee mupaka. Kutoka pale, satelite italichunga toka juu. Mutu akikata, itaonekana.

Fundi alitandika picha kubwa chini, mbele ya altare. Nilisimama.

"Hiyo satelite iko wapi?"

"Iko juu sana, Papa. Inazunguka dunia."

"Na toka kule inaona pori yetu?"

"Inaona, Papa. Kijani njo miti. Nyekundu njo pahali walikata."

"Na mingazi?"

"Mingazi yenye imekomaa inaonekana kijani tu. Karibu sawa na pori."

"Basi inaona muti, haioni mwenye aliupanda."

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akasema: "Njo maana tunaomba miguu yako, Papa."

Lilikuwa jibu zuri, na mimi sikwenda pale kupewa majibu mazuri. Nikamuuliza ile rangi nyeupe upande wa muto ni nini, hakuna kijani, hakuna nyekundu. Akasema ni mawingu. Kila picha waliyopata ya upande ule ilikuwa imefunikwa. Nikawaambia wenzangu kwa sauti: yaani wametengeneza jicho, wakalituma mbinguni, na Kalembe wingu moja linalishinda. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba.

Siku ya kutembea mupaka ilifika. Kwetu, mutoto wa kwanza wa ukoo mukubwa njo anatangulia na panga, wengine wanafuata kwa cheo chao. Cheo changu ni nyuma. Kaka alikuwa mbele, nyuma yake fundi na mashini mukononi, kitu kidogo kama simu, kinacholia ti, ti, ti kikiandika pahali miguu inapita. Tulianzia barabarani, kwa sababu pikipiki zilikuwa pale na watu wa mujini hawawezi kuanzia pahali pengine.

Tulipofika njia panda ya kichaka, fundi aliuliza: "Mupaka inapita huku?"

Kaka alimuwekea kidole kwenye kinywa. Halafu akashika njia ya juu, kichaka kikiwa upande wa kulia, kama alivyofanya baba yake na baba wa baba yake. Sisi wote nyuma, midomo imefungwa. Fundi naye alifunga, kwa ile adabu yake. Mashini peke yake njo ililia, ti, ti, ti. Tulipotoka upande wa pili, ruhusa ya kusema ikarudi, na kila mutu akawa na neno lake la kutoa. Hakuna aliyetoa lile lililotakiwa.

Jioni ilikuwa bado mbali tulipomaliza, ndani kabisa, upande wa Walikale. Fundi akazima mashini, akaitia ndani ya mufuko. Tukala ndizi za kuchoma. Tukarudi kwa njia ya chini, pamoja na muto, chini ya mingazi yangu. Tulipokwisha kupita kichaka nilimugeuza fundi nyuma, nikamuonyesha kwa kidole: ile nilipanda mwaka bibi alipozaa wa kwanza, ile ilipigwa na radi na haikufa. Alisifu sana. Nilimpa chupa ya mawese.

Chupa ile inaniuma mpaka leo.

Miezi ikapita, wakarudi na karte, imechapwa juu ya shitingi kubwa, turubai ya plastiki. Wakaitundika kwenye ukuta wa kanisa. Watu wakasongamana, kila mutu akitafuta nyumba yake. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, lakini muto ni muto, ulikuwa wa bluu. Na mupaka ulikuwa laini nyeusi. Nilifuata laini kwa kidole kutoka barabarani, nikingojea ishuke majini. Haikushuka. Ilipita juu, ikaacha kichaka, ikaacha bonde, ikaenda zake porini.

"Mingazi yangu iko wapi?"

Fundi alisogea, akaweka kidole. "Iko hapa, Papa."

"Na hii laini?"

"Njo mupaka wenu."

"Mupaka yetu iko muto! Hata mutoto mwenye ananyonya anajua!"

"Papa, upande ule picha zote zilikuwa na mawingu. Tulifuata miguu yenu. Mashini inaandika tu pahali miguu imepita."

Pale kanisani alikuwepo pia muzee wa kijiji cha ng'ambo ya muto. Alikuja kuangalia, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanangojea kutembea mupaka wao, na fundi huyo huyo. Ni mutu mwenye tumbo na meno mengi. Akanishika bega.

"Kaka, pole. Lakini usisikitike, karibu kwetu. Sisi tutavuka muto, tutafika mpaka pahali nyinyi muliacha. Ukitaka kukata ngazi, matunda ya mingazi yako, utakuja kwanza kuniamkia."

"Nikuamkie wewe?"

"Asubuhi, eh. Bibi yangu atakuwekea kiti."

Kanisa lote lilicheka, na wengine walikuwa wa damu yangu. Nilimushika fundi shati. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuandika, kwa sababu tulikuwa mbele ya musalaba na musalaba uliyasikia. Kaka akaingia katikati.

"Muache mutoto wa wenyewe. Amekosa nini?"

"Si yeye, ni wewe! Ulitangulia wewe!"

"Ulitaka niingize chuma ndani ya kichaka?"

"Nilitaka ufungue kinywa!"

"Pale? Na wewe ulifungua?"

Neno lile lilinipiga. Nikatafuta jibu, nikapata baya. "Basi nitaingia mimi. Nitaingia na mashini, na panga, nitapita katikati kabisa, na nitapiga kelele kama mbuzi anapochinjwa!"

Kicheko kilikufa. Mama mumoja alijifanyia alama ya musalaba. Kaka akatoka. Muzee wa ng'ambo naye akatoka, lakini yeye alikuwa anatabasamu, kwa sababu siku za wao kutembea zilikuwa zinakaribia na sisi tulikuwa tumeanza kulana.

Nyumbani bibi yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama mbele yake nikapiga kelele yote upya, ya karte, ya laini, ya tumbo la yule muzee. Yeye alitwanga. Nilipopumua, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mulipita njia gani?"

"Ya juu."

"Ya kwendea."

"Si tulikuwa tunaenda!"

"Na kurudi?"

"Ya chini, kama kila mutu."

"Na mashini?"

"Ndani ya mufuko. Imezimwa."

Akaacha kutwanga. "Papa batoto. Unataka kuwatukana wazee na chuma, na mulirudi pamoja na muto kwa miguu yenu? Mungetembeza mupaka kutoka porini, mukija. Kichaka kingekuwa mukono wa kulia vilevile, na kingebaki ndani. Na mingazi pia."

Niliokota jani la sombe lililoanguka chini. Yeye akaendelea:

"Sisi wanawake tunapita pale kila siku na kikapu kichwani. Nani alituuliza mupaka iko wapi? Muliweka kaka mbele na panga. Panga ya kukata nini?"

Nilikasirika kuliko kanisani, kwa sababu kanisani nilikuwa na haki. Akaanza tena kutwanga, na kila pigo lilikuwa kwangu.

Sasa ubaya ulikuwa huu: mupaka hautembewi bila mutoto wa kwanza wa ukoo. Fundi hangekubali, wazee hawangekubali. Ili kuokoa mingazi yangu nilipaswa kwenda kwa kaka, kwenye nyumba ya baba yake, yule aliyetufukuza, na kuomba. Nilikwenda. Nilimkuta anachonga mupini wa jembe. Alinisogezea kiti. Nikasimama.

"Unasimama kama polisi," akasema.

Nikamwambia habari ya njia ya kurudia. Alisikiliza, akageuza mupini, akauangalia kama umenyooka.

"Hiyo akili ni ya nani?"

"Ya nyumba yangu."

"Ya bibi yako."

"Nimesema ya nyumba yangu."

Akacheka kidogo puani. Halafu akasema haikatazi, desturi haivunjiki, angetembea. Lakini maneno yangu ya chuma na kelele yalikuwa yamekwisha kutoka nje, na maneno kama yale hayarudi yenyewe. Mbuzi njo inayafunika. "Dume. Na mweusi."

"Na nini tena?"

"Jina ya kichaka isiandikwe kwenye karte. Wachore miti tu. Na ile miche ya mingazi yenye umepanga pembeni ya nyumba yako, ulitaka kuipanda wapi?"

Niliitayarisha kwa mutelemko, kati ya mingazi na kichaka, kwa watoto wangu. Alijua. Kalembe hakuna mutu anaotesha muche mwenzake asiuone.

"Mutelemko ubaki pori," akasema. "Usipande juu."

Hapo nikamtolea yote. Nikamwambia baba yako alimfukuza mama yangu na kikapu, akala mashamba ya baba yangu, leo wewe unanipimia mutelemko! Unataka na mbuzi wangu! Niliongea mpaka kuku zikahama. Yeye akaweka mupini chini.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," akasema. "Kile kikapu ni mimi nilikibeba mpaka barabarani."

Nakumbuka kwamba mutu alikibeba. Kwamba ni yeye, sikukumbuka. Na sasa kwa kuwa najua, bado nasema: kumubebea muzigo mama unayemufukuza hakugeuzi kumufukuza. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema: "Sikusema kunageuza. Lete mbuzi."

Nilileta mbuzi.

Fundi alichelewa. Kulikuwa na risasi upande wa Masisi, na kule Mubambiro askari walimrudisha. Wale wa ng'ambo walianza kusema kwamba yeye akifika tu, wataanza wao, na laini yetu ya zamani itabaki. Mimi nilikuwa nikienda kila siku kwenye mingazi, nakaa na panga yangu, kama mutu anaweza kukata laini ya karte kwa panga. Alipofika, macho mekundu kwa vumbi, nilimchukua moja kwa moja kutoka kwenye pikipiki. Hakunywa hata maji. Nilimwambia atakunywa akirudi.

Tulianzia porini safari hii, uso wetu ukiangalia barabara. Kaka mbele, fundi, wengine, mimi nyuma. Tulipokaribia kichaka vinywa vikafungwa. Tukashika njia ya chini, kichaka upande wa kulia na mutelemko wake na mingazi yangu, muto kushoto. Ti, ti, ti. Na ng'ambo ya maji alikuwa amesimama yule muzee mwenye meno, suruali imekunjwa mpaka magoti, amekuja kushuhudia.

"Kaka!" akapiga kelele. "Munaenda kinyume? Mumepotea kwenu?"

Nilifunga kinywa.

"Leo umekuwa bubu? Nani amekata ulimi? Niambie, kiti tukuwekee ao tusikuwekee?"

Nilitembea. Jasho lilinitoka kuliko siku za musumeno. Yeye alijua kabisa kwamba siwezi kujibu pale, njo maana alizidisha. Alitaja magoti yangu, alitaja bibi yangu, alitaja kusoma kwangu. Kaka mbele hakugeuka, lakini nilimuona mabega yanatetemeka, na haikuwa kilio. Tulipofika tu jiwe la mwisho ambalo kupita pale mutu anaweza kusema, nilipanda juu yake, nikasimama nikiangalia muto, nikamjibu muzee yule. Nilimjibu kwa muda murefu. Fundi aliomba twende, kaka akamwambia: "Muache amalize, amelipa mbuzi."

Karte mupya ilikuja. Laini nyeusi iko kwenye maji. Kichaka hakina jina, ni kijani kati ya kijani, na mugeni akiiangalia hawezi kujua. Mutelemko umewekwa pahali pasipoguswa. Satelite inapita, na siku mawingu yanafunguka inaona. Niliwahi kuangusha mingazi mizee karibu na maji nipande mingine, na haikupita muda simu ikalia. Ni fundi. "Papa, naona alama nyekundu karibu na muto. Iko salama?" Nikamuuliza kama kule juu wanaona pia nimevaa nini. Nikamueleza. Akasema asante Papa, aliandika. Nilikata simu kabla hajamaliza.

Siipendi. Inazuia watu wa mbali kuuza pori letu, hilo nimeliona, walikuja na mashini za kukata wakageuzwa na karte ile ile. Ninaikubali kama ninavyokubali mbwa wa jirani: anabwekea mwizi, na mimi pia. Na kaka, tunasalimiana kanisani, kwa sababu katekista anaamuru kupeana mukono. Hajakanyaga kwangu, sijakaa kwenye kiti chake.

Leo niko na hivi. Nyumba ya mbao nilizozipasua mwenyewe, na mabati. Bibi mumoja. Watoto, wengine hapa, wengine Goma. Mingazi kutoka chini ya mutelemko mpaka muto. Pipa za kuchemshia na mashini ya mukono ya kukamulia mawese. Musumeno wa watu wawili, meno yameisha. Kikapu cha mama, kimetoboka. Mbuzi, wote wa rangi ya mavumbi. Karte, imekunjwa ndani ya nailoni, juu ya dari. Miche niliigawia watu.